Habari za Wakristo wa Kwanza wa Rabai, Kisauni na Ugiriama

Kila mwaka kijitabu hiki huwaletea wanachama hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, idadi ya wagonjwa na wajane waliosaidiwa, na majina ya ndugu zetu waliofariki ambao Chama kimewazika kwa heshima. Hesabu hiyo ni ya lazima, maana fedha ni za wote, na kila mtu ana haki ya kujua zimekwenda wapi. Safari hii tumeona vema kuongeza kurasa chache juu ya jambo lisilohesabiwa kwa shilingi, nalo ni habari za watu walioanzisha ushirika wa Kikristo katika bara inayoikabili Mombasa na katika nyika iliyo nyuma yake: Kisauni, Rabai na Ugiriama.

Twafanya hivyo kwa sababu moja kubwa. Anayetaka kusoma historia ya Ukristo katika Kenya atakuta vitabu vingi vyenye habari za Wakikuyu, za Waluo na za Waluyia. Habari za Pwani huja katika sura ya kwanza tu: Dakta Krapf anashuka Mombasa mwaka 1844, mke wake anafariki, mlima wenye theluji unaonekana, kisha reli inajengwa, na kitabu chenyewe kinapanda gari la moshi kwenda bara. Pwani imefanywa kuwa mlango. Watu wote wamepita hapo, lakini ni wachache waliosimama wakautazama. Tena hata katika sura hiyo moja, watajwao ni wageni. Waafrika walioisikia habari njema, wakaipokea, wakaifundisha, na wengine wakafa kwa ajili yake, hutajwa kwa jumla kama watumwa waliokombolewa, au kama waongofu wachache.

Sisi twasema ya kwamba hao wachache ndio waliokuwa kanisa. Tutajaribu kuonyesha hayo kwa mambo yaliyo hakika, kisha tutasema ni kazi gani iliyobaki mikononi mwetu.

Siku za Wareno

Jina la Kristo halikufika pwani yetu mara ya kwanza kwa mdomo wa Krapf. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, na padri mashuhuri Francis Xavier, akiwa safarini kwenda Bara Hindi, alitua hapo mwaka 1542. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu katika Mombasa, na watawa wa shirika la Mtakatifu Agostino wakawa na nyumba yao mjini. Baadhi ya wenyeji walibatizwa. Hata mtawala wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, alilelewa Goa katika dini ya Kikristo, akiitwa Dom Jerónimo Chingulia.

Mwezi wa Agosti 1631 Yusuf aliwaasi Wareno, akairudia dini ya Kiislamu, akaiteka Ngome. Wakristo waliokuwako mjini waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo Waafrika ambao hawakukubali kuiacha imani yao. Baadaye Wareno walirudi, lakini mwaka 1698 Ngome ilianguka mikononi mwa Waarabu wa Oman, na Ukristo ule ukatoweka.

Watu wengi husema ya kwamba Ukristo huo ulikuwa wa ngome na mizinga, na mizinga ilipokwisha nao ukaisha. Kuna kweli katika maneno hayo. Lakini yafaa tuliangalie jambo moja. Baada ya mauaji ya mwaka 1631 uchunguzi ulifanywa, mashahidi wakahojiwa, na maneno yao yakaandikwa. Kwa ajili ya maandishi hayo, karibu miaka 400 baadaye, bado twaweza kusema ni nini kilichotokea na ni nani waliokufa. Watu wale hawakuacha kanisa wala kizazi kinachojulikana kwa jina lao. Walichoachiwa ni karatasi, nayo karatasi imewahifadhi. Msomaji na alikumbuke hilo tutakapofika mwisho.

Rabai na mtu wa kwanza

Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani, aliyetumwa na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza. Alikuwa amefanya kazi Uhabeshi, na njia hiyo ilipofungwa alikuja pwani yetu mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo mkewe Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Walizikwa upande wa bara, mkabala wa kisiwa cha Mombasa. Mwaka 1846 alikuja mwenzake Johannes Rebmann, na mwaka huohuo wote wawili wakahamia Rabai.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Wageni hawa hawakuingia Rabai kwa nguvu. Hawakuwa na askari, nao walikuwa wadhaifu kwa homa. Waliingia kwa sababu wazee wa Rabai, wenye kaya yao na mila zao, walikubali kuwapokea na kuwapa mahali pa kujenga. Wazee hao hawakuwa Wakristo, wala wengi wao hawakuwa Wakristo hata siku ya kufa kwao. Hata hivyo kama si ukarimu wao, habari tunayoisimulia isingeanza mahali pale. Leo misitu ya kaya za Mijikenda inatambuliwa kuwa urithi wa dunia, tangu mwaka 2008, na Kaya Rabai ni mojawapo. Ni haki kwamba kanisa la kwanza na kaya iliyolikaribisha vikumbukwe pamoja.

Kwa miaka mingi kazi ya Rabai ilionekana kuwa bure. Krapf alitafsiri, akaandika kamusi, akasafiri mpaka Usambara na Ukambani; Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka 1849. Mambo hayo yaliwapa sifa Ulaya. Lakini waliobatizwa walikuwa wapi? Wa kwanza alikuwa Mringe. Alikuwa mtu kilema, maskini, asiyehesabiwa kuwa kitu na wenzake. Alisikiliza, akauliza maswali, akaamini. Alibatizwa mwaka 1851 akiwa kitandani mwake karibu na kufa, na baada ya muda mfupi akafa.

Kwa macho ya dunia huo ni mwanzo mdogo mno. Mkuu wa nchi hakubatizwa, mwenye mali hakubatizwa, na hata huyo mmoja aliyebatizwa hakuishi awafundishe wengine. Ilipita miaka 10 kabla ya wengine kufuata. Mwaka 1861 alibatizwa Abe Gunja, yaani baba wa Gunja, pamoja na mwanawe Nyondo. Baba akaitwa Abrahamu, na mwana Isaka. Isaka Nyondo aliishi akawa mwalimu wa Kikristo katika nchi ya kwao, na jina lake linaonekana katika habari za Rabai kwa miaka mingi baadaye.

Yuko mwingine wa siku zile anayestahili kutajwa, naye ni Salimini. Alikuwa mtumwa, aliyetoka upande wa ziwa Nyasa. Rebmann alikaa naye, akamwuliza maneno ya lugha ya kwao, na kutokana na kinywa cha Salimini ikapatikana kamusi ya Kinyanja iliyopigwa chapa mwaka 1877. Wengi wanalijua jina la Rebmann. Ni wangapi wanaojua kwamba mwalimu wake katika kazi hiyo alikuwa mtu aliyenyakuliwa kwao na kuuzwa? Alinyang'anywa nchi na jamaa, lakini lugha hakunyang'anywa, nayo ndiyo aliyoiweka katika kitabu.

Waliorudi kutoka Bara Hindi

Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa ikiendelea baharini. Majahazi yaliwachukua watu kutoka Kilwa na Unguja kwenda Arabuni na Uajemi. Meli za kivita za Waingereza zilipoyakamata majahazi hayo, mara nyingi zilikwenda kuwashusha watu waliookolewa Bombay. Baadhi ya watoto walipelekwa Sharanpur, karibu na mji wa Nashik, ambako palikuwa na shule ya misheni iliyosimamiwa na William Salter Price. Huko walifundishwa kusoma, kuandika na kazi za mikono.

Mwaka 1864 baadhi yao walirudishwa Afrika ili wamsaidie Rebmann pale Rabai. Miongoni mwao walikuwa George David, William Jones na Ishmael Semler. Fikirini hali yao. Walichukuliwa wakiwa watoto. Walivuka bahari wakiwa watumwa na wakaivuka tena wakiwa huru. Majina yao ya kwanza yalikuwa yamefunikwa na majina ya Kiingereza. Walijua Kihindi na Kiingereza, lakini iliwabidi wajifunze upya maneno ya watu waliotumwa kwao. Hawakuwa Wazungu, na wenyeji nao hawakuwaona kuwa wenyeji. Watu waliwaita Waafrika wa Bombay.

Hata hivyo ndio walioishika kazi. Rebmann alizeeka, macho yake yakapofuka, na mwaka 1875 akarudi Ulaya. George David ndiye aliyekuwa mwalimu wa ushirika wa Rabai katika miaka migumu, mpaka alipofariki mwaka 1884. Wenzao waliosoma Nashik walifanya mengine makubwa. Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa waliouleta mwili wa David Livingstone kutoka ndani ya Afrika hadi pwani, akausindikiza mpaka Uingereza, na mwezi wa Aprili 1874 alikuwako siku ulipozikwa London. Mwingine katika safari hiyo, Chengwimbe wa kabila la Wayao, aliyejulikana kwa jina la Matthew Wellington, aliishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 1935.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Mwingereza aliyeyaanza mazungumzo hayo ni Sir Bartle Frere. Kwa jina lake kikaitwa kijiji kipya cha Freretown, kilichoanzishwa na Price katika Kisauni mwaka 1875, kiwe makao ya watu waliookolewa. Wayao walikuwako, na Wanyasa, na Wamakua, na wengineo wengi, kila mmoja na lugha yake na msiba wake. Walioana, wakajenga, wakalima, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba zao. Kengele ya Freretown iliyopigwa kuwaonya watu hatari inapokuja ndiyo iliyopaachia mahali hapo jina la Kengeleni, na mnara wake ungaliko kando ya njia kuu. Maelfu ya watu huupita kila siku katika matatu. Sijui ni wangapi wanaoinua macho.

Hatutaficha ya kwamba maisha ya Freretown hayakuwa mepesi. Mwaka 1880 baadhi ya wenye watumwa wa Mombasa walitishia kukishambulia kijiji, kwa kuwa waliogopa watumwa wao watatorokea huko. Na ndani ya kijiji chenyewe, adhabu kali za viboko zilizotolewa na msimamizi wa wakati ule zilileta malalamiko na uchunguzi wa serikali ya Uingereza mwaka 1881. Watu waliokuwa wamekimbia kiboko walikutana nacho tena mahali pa kimbilio. Mwenye kuandika historia ya kanisa na aandike na hayo, maana yamo katika kumbukumbu.

Siku ya tarehe 31 Mei 1885 Askofu James Hannington aliwaweka wakfu Ishmael Semler na William Jones kuwa mashemasi, Waafrika wa kwanza wa kanisa hilo kupewa daraja hiyo katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Miezi michache baadaye Jones alifuatana na Askofu katika safari ya Uganda. Askofu alitangulia mbele na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na msafara mkubwa, aliwangoja, kisha akawakusanya wapagazi waliosalia akawarudisha Rabai kwa miguu. Habari za kifo cha Hannington zimeandikwa mara nyingi. Habari za yule aliyewaleta watu nyumbani wakiwa hai hazijulikani hata nusu yake.

Ugiriama na kijiji cha watoro

Sasa tuje kwenye sehemu iliyo ngeni zaidi kwa wasomaji. Katika miaka ya 1870 ushirika wa Wakristo ulitokea Ugiriama, na hakuna Mzungu aliyekwenda kuuanzisha. Mgiriama mmoja, Abe Ngoa, aliyekuwa na sehemu ya Injili katika lugha ya nchi, alijifunza, akabatizwa, akawafundisha jamaa na majirani. Watu wakakusanyika. Walipotaka mafundisho zaidi waliwatazamia walimu wa Rabai, ambao nao walikuwa Waafrika. Hivyo, kabla ya kituo chochote cha misheni kujengwa huko, palikuwa na watu wanaosali katika vijiji vya Kigiriama, wakiongozwa na watu wa kwao.

Karibu na mwaka 1879 baadhi ya Wakristo hao walifanya makao Fuladoyo. Mahali hapo palikuwa pa watoro pia, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakatafuta usalama porini. Mkristo wa Kigiriama na mtoro walikaa kijiji kimoja, wakalima pamoja na kusali pamoja. Kiongozi wa ushirika alikuwa David Koi, naye ni Mgiriama.

Wenye mashamba hawakupenda jambo hilo. Kila mtoro aliyepokewa alikuwa hasara kwao na mfano kwa wenzake. Hata watu wa misheni huko Mombasa walikuwa na mashaka, kwa kuwa sheria ya Sultani ilimhesabu mtoro kuwa mali ya mwenyewe, na Balozi wa Uingereza aliwaonya wasiwapokee. Kwa hiyo swali la Fuladoyo lilikuwa wazi kabisa: mtu akija mlangoni pako amechoka, ana alama za pingu, nawe wajua ukimpokea utaletewa vita, utamfanyia nini? Waandishi wa misheni waliandikiana barua juu ya swali hilo. David Koi na wenzake walilijibu kwa kuwapokea.

Mwaka 1883 kijiji kilishambuliwa, na David Koi akauawa. Wapo wanaomhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa Kanisa la Kianglikana katika Kenya. Wakristo wa Uganda waliouawa miaka ile wana siku yao, wana makanisa yao, na mahujaji huja kutoka nchi nyingi. Hilo ni jema na la haki. Lakini mtoto wa shule wa Pwani akiulizwa leo David Koi alikuwa nani, aghalabu hana jibu, na kosa si lake, maana hakuna aliyemwambia.

Hati za uhuru

Mwaka uliofuata palikuwa na njaa kubwa, na watu wengi walikimbilia misheni kutafuta chakula. Watoro nao walizidi Rabai, ambako William Jones aliwapa makao. Mwaka 1888, Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kazi Mombasa, wenye watumwa walidai watu wao warudishwe. George Mackenzie, aliyekuwa mkuu wa Kampuni hapa, aliona ya kwamba kuwarudisha kungeleta aibu, na kutowarudisha kungeleta vita. Akakata shauri kulipa fidia. Watu walihesabiwa, majina yao yakaandikwa, na zaidi ya 1,400 katika Rabai na vituo vingine wakakombolewa. Tarehe 1 Januari 1889 walipewa hati zao za uhuru.

Siku hiyo ilikuwa kuu. Mtu aliyelala kwa miaka huku sikio lake likiwa mlangoni alipewa karatasi yenye jina lake, na tangu siku hiyo hakuwa mtoro tena. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria za pwani mpaka mwaka 1907. Kwa hiyo kwa miaka 18 walikuwako majirani wawili, mmoja ana hati na mmoja hana, na tofauti baina yao ilikuwa kuandikwa kwa jina.

Kwa nini habari hizi zilisahauliwa

Twaona sababu tatu.

Ya kwanza ni reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Misheni zikaifuata kwenda nchi zenye watu wengi na hali ya hewa ya baridi. Walimu wa Pwani walitangulia nazo, wakiwa wakalimani na wasomaji. Lakini walipowafungulia wengine njia, nyumbani kwao pakabaki nyuma. Hata chuo cha wachungaji, kilichoanzishwa Freretown mwaka 1903, kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, nacho leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Ya pili ni mahali maandishi yalipo. Barua za Rebmann, za Price, na hata za George David na William Jones zilitumwa London, na sasa zinatunzwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Wataalamu wamekwenda kuzisoma. Fred Morton alitoa kitabu chake juu ya watumwa walioachwa huru na watoro wa pwani mwaka 1990, na Colin Reed akatoa chake juu ya viongozi Waafrika wa kanisa mwaka 1997. Ni kazi njema, nasi twawashukuru. Lakini vitabu hivyo ni vya Kiingereza, bei yake ni kubwa, na mzee wa Rabai ambaye habari ni za babu yake hajapata kuviona.

Ya tatu ndiyo nzito, na twaomba tusamehewe tukiitaja. Ni aibu. Katika nyumba nyingi za Kisauni na Rabai, watoto waliambiwa wasiulize bibi alitoka wapi. Neno mtumwa lilikuwa tusi. Wengine walichagua kabila la majirani wakajificha ndani yake, na wengine wakabaki na jina la Wamisheni, kana kwamba misheni ni nchi iliyowazaa. Wala aibu hii haikuwa ya maneno tu. Mtu asiyeweza kutaja ukoo wala kaya alikuwa dhaifu katika shauri la ardhi, maana hakuwa na mzee wa kumsimamia. Mwalimu James Juma Mbotela alifanya ujasiri mkubwa alipoandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, akieleza kwa Kiswahili jinsi watu wa Freretown walivyokamatwa na kuokolewa, na baba yake mwenyewe akiwa miongoni mwao. Alionyesha ya kwamba habari hizo zaweza kusemwa na mtoto wa mtumwa, kwa lugha yake, pasipo kuinamisha kichwa.

Aibu ya utumwa ni ya mwenye kuuza na mwenye kununua. Aliyeuzwa, akaokoka, akajenga nyumba, akafundisha watoto wa watu wengine kusoma, hana la kuficha, wala wajukuu wake hawana.

Kazi iliyo mbele yetu

Yako mambo yaliyokwisha kufanywa. Kanisa la zamani la Rabai lilifanywa jumba la makumbusho la Krapf mwaka 1994, na mgeni aweza kwenda kutazama. Biblia nzima ya Kimvita, iliyotoka mwaka 1914, ingaliko katika nyumba chache. Lakini jumba la makumbusho lenye jina la mgeni halitoshi kuhifadhi majina ya wenyeji, na nyumba zenye vitabu vya zamani hubomolewa kila mwaka.

Kwa hiyo Chama chawaomba wanachama wafanye mambo manne, yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila jamaa iandike majina ya wazee wake kadiri inavyoyakumbuka: jina la ubatizo, na jina la kwanza la nyumbani kama linajulikana, kabila, mahali alipotoka, mahali alipozikwa. Majina ya akina mama na yatafutwe kwa bidii kuliko yote, maana katika taarifa nyingi za zamani mwanamke hutajwa kama mke wa fulani tu, hali yeye ndiye aliyewalea mayatima wa majahazi na kuwafundisha sala zao za kwanza.

Pili, vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya maziko vilivyo katika makanisa visiachwe kuliwa na mchwa. Wazee wa kanisa wakubali vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Siku hizi simu ya mkononi yatosha kwa kazi hiyo. Nakala moja ibaki parokiani, na nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa huko Nairobi.

Tatu, makaburi ya zamani yafyekwe, na maandishi ya mawe yanakiliwe kabla mvua haijayafuta. Kaburi lisilo na jiwe liulizwe kwa wazee.

Nne, wazee wasikilizwe, na wasiharakishwe. Anayeandika aandike maneno kama yalivyosemwa, na kama wazee wawili wanahitilafiana, aandike yote mawili na kuwataja wasemaji. Asiongeze utamu. Na tena asiwahoji Wakristo peke yao. Waislamu wa Mombasa na wa Takaungu, na wazee wa kaya, wana habari zao za siku zilezile, na baadhi ya mambo wao tu ndio wayajuao. Sisi ni majirani, tunaoana na kuzikana. Hatutafuti kuamsha ugomvi wa mababu.

Kuna wanachama watakaouliza kazi hii inahusianaje na Chama cha kusaidiana. Jibu letu ni kwamba vyama vya namna hii viliundwa na watu waliofika mjini bila jamaa, wakaogopa kufa na kuzikwa pasipo mtu wa kuwataja. Ndiyo sababu hata leo jambo la kwanza tunaloandika katika daftari ni jina la mwanachama, na la mwisho ni mahali alipozikwa. Watu wa Fuladoyo, wa Kisauni na wa Rabai walikuwa katika hali hiyohiyo kabla yetu, nao hawakuwa na daftari.

Mringe alibatizwa mwaka 1851, akafa. Hakuacha mali wala cheo. Hata hivyo twamjua, kwa sababu mtu mmoja aliyeketi karibu na kitanda chake aliona inafaa kuliandika jina lake. Anayesoma haya, ikiwa nyumbani kwake kuna mzee, na ashike kalamu jioni hii. Majina yatakayoletwa yatapokewa na Katibu siku yoyote ya mkutano, nayo yatasomwa mbele ya wanachama.